Mstari Uliorukwa

Kompyuta ilisema laki moja na sitini. Eufrazia hakuiona ikisema. Aliuona uso wa Mujuni ukibadilika nyuma ya lile sanduku, akajua. Mwanamke aliyeuguza mume mwaka mzima hujifunza kusoma nyuso za watu wa upande wa pili wa meza: daktari, mwenye duka, dereva wa gari la kukodi. Zote huanza hivyo hivyo, macho yanashuka kwanza, maneno yanafuata.

“Mama,” Mujuni alisema, “mashine imetoa laki moja na sitini.”

“Nilikwambia nahitaji laki nne na nusu.”

“Ulinieleza, mama. Mimi nimeelewa. Yeye mashine ndiye hakuelewa.”

Ilikuwa mwaka tisini na nane, mvua za elinino zikiwa zimeziacha barabara za Muleba kama zilivyoziacha. Eufrazia alikuwa ametoka kijijini kwake Izigo alfajiri, viatu vya kuazima mkononi ili visichafuke, akavivaa alipofika mjini Bukoba. Ofisi ya chama cha akiba na mikopo ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Alikaa kwenye benchi la wageni tangu asubuhi. Mama mmoja aliyekaa naye alimuuliza kwa upole kwao ni wapi na mzee hajambo, na Eufrazia, kwa kuwa hakuzoea kusema uongo, akajibu kwamba mzee anaumwa kifua. Yule mama akaitikia pole, pole sana, kisha baada ya muda akakumbuka kwamba karibu na dirisha kuna hewa nzuri zaidi, akahamia huko na mkoba wake.

Kifua. Miaka ile mkoani kwetu kila mtu alikufa kwa kifua, au malaria iliyopanda kichwani, au mkono wa jirani mwenye wivu. Ugonjwa wenyewe tulikuwa tunaujua kuliko tunavyojua baba zetu, lakini jina lake hakuna aliyelitamka ndani ya nyumba yenye mgonjwa. Na kifo hakikutajwa kabisa mbele ya mtu anayekisubiri. Ungemtajia, ungekuwa umemsukuma.

Ile kompyuta ililetwa na wafadhili mwaka uliotangulia, na jioni ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi. Mujuni, afisa mikopo, alipelekwa semina akarudi na cheti. Ukiiandikia hisa za mwanachama na kilo za kahawa alizouza misimu miwili iliyopita, ilijumlisha yenyewe, ikakata yenyewe, na chini ya kiasi cha mkopo ikapanga riba, marejesho ya kila mwezi, makato ya ofisi, na mwisho kinga ya mkopo, yaani kile kifedha kidogo kinachokatwa ili mwanachama akifariki deni lake lifutwe. Watu waliisifu sana mashine ile kwamba haina ndugu. Kabla yake, mikopo ilikwenda kwa mashemeji.

Lakini ilikuwa haijui mambo. Ilijua kwamba Pastory, mume wa Eufrazia, ameuza magunia machache misimu miwili mfululizo. Haikujua kwamba nusu ya miti yake ilinyauka kwa ule ugonjwa mpya wa kahawa, na nusu nyingine ilikosa mtu wa kuichuma kwa sababu mchumaji alikuwa kitandani. Wala haikujua kwamba Mujuni huyu anayeibonyeza alisoma sekondari kwa kahawa ya Pastory. Baba yake Mujuni alipofariki, Pastory, jirani tu, alipeleka ada miaka miwili na hakuwahi kuitaja tena, hata akilewa.

Mujuni aliuliza taratibu hizo laki nne na nusu ni za nini, ingawa habari alikuwa ameshazisikia. Eufrazia akamweleza huku akitazama vidole vyake. Pastory alipoanza kuumwa, walizunguka hospitali, kisha waganga, kisha hospitali tena. Fedha alizitoa Shilogile, mfanyabiashara wa samaki wa visiwani, Msukuma aliyepigana pamoja na Pastory kwenye vita vya Kagera. Dhamana ilikuwa kibanja, migomba yote na kahawa na nyumba iliyo katikati yake. Shilogile hakuwa mtu mbaya. Alingoja sana. Sasa mtumbwi wake umezama na injini, anarudi kwao, na amesema kwa aibu kubwa kwamba asipopata fedha zake kabla ya mwezi kwisha atalazimika kukiuza kibanja kwa mtu yeyote.

“Baba wa mzee wangu amelala pale chini ya migomba,” Eufrazia alisema. “Babu yake yuko pale. Yeye anataka kulala kwake. Na Kaijage ndiye mrithi, hata shule hajaanza. Nitampeleka wapi?”

Mujuni aliinuka, akaenda kwa meneja.

*

Njia ilikuwepo. Mashine iliruhusu afisa kufuta jibu lake na kuandika jibu la mkono, mradi aeleze sababu na meneja aweke namba yake ya siri. Meneja, Bi Klaudia, alikuwa mwanamke mkavu aliyezika wadogo zake watatu na hakuwa na hamu ya hadithi. Alimsikiliza Mujuni, akauliza kama Pastory ana miaka mitatu kwenye chama. Ana kumi na moja. Akauliza kama kinga itamhusu. Itamhusu, waanzilishi wa chama walikataa katakata kuwauliza wanachama habari za afya, kwa kuwa mkoa mzima ungeshindwa mtihani huo. Bi Klaudia akaandika namba yake.

“Mkono wako huo, Mujuni,” alisema. “Sio wangu, wala wa mashine.”

Mujuni alifuta laki moja na sitini, akaandika laki nne na nusu. Penye sababu aliandika: mwanachama mwaminifu, kahawa itapandwa upya. Kiasi kikageuka rangi ya manjano.

Sasa, mashine ile ilikuwa na tabia ya kununa. Ukifuta jibu lake moja, mistari yote ya chini yake inaacha kujihesabu, inakaa sifuri, inakusubiri uijaze mwenyewe kwa kuwa umejifanya unajua. Semina ililisema hilo, siku ya mwisho, watu wakiwa wanafikiria posho. Mujuni alilikumbuka. Alichukua kikokotoo, akajaza riba, akajaza marejesho, akajaza makato. Alipofika mstari wa mwisho, kabla hajaujaza, akaitwa chini kupokea mizigo ya karatasi. Alipopanda, umeme ulikuwa unachezacheza, akaogopa utakatika kabla hajachapa, akachapa.

Si kwamba chama hakikuwa na kinga dhidi ya makosa kama hayo. Kilikuwa nayo, tena nzuri. Sheria ilimtaka afisa amsomee mkopaji fomu nzima kwa sauti, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili na kwa Kihaya, na mkopaji aitikie kila mstari kabla ya kutia sahihi. Makosa mengi yalikamatwa hapo. Mkulima anaweza asijue kompyuta, ila ukimsomea sifuri atakuuliza ya nini.

*

Mujuni alikwenda Izigo Jumamosi na fomu ndani ya bahasha. Walimkaribisha vizuri kupita uwezo wao. Kemilembe, binti mkubwa, alimletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, na Eufrazia alikuwa amemwosha Pastory na kumvalisha shati jeupe la Jumapili. Lilikuwa limemzidi shingoni kwa vidole vitatu. Mujuni alikuwa hajamwona tangu Krismasi. Alijikaza kisabuni, akacheka, akasema mzee unaonekana umepata nguvu.

“Nyegera, karibu, mwanangu,” Pastory alisema. Sauti ilikuwa yake. Mwili ndio haukuwa wake. “Wamekupa gari siku hizi?”

“Bado, tata,” Mujuni alisema, akimwita baba kwa Kihaya. “Nimekuja na lori la ndizi.”

“Basi soma. Nisije nikasinzia.”

Mujuni akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, akasoma. Jina la mwanachama. Pastory akaitikia, ee. Kijiji. Ee. Hisa. Ee. Dhamana, kibanja kikishakombolewa. Ee. Kiasi cha mkopo, laki nne na nusu. Hapo Pastory alifumba macho, na Eufrazia aliyesimama mlangoni akashika kizingiti. Riba. Ee. Marejesho ya kila mwezi kwa miaka miwili. Ee, alisema yule mtu ambaye hata mwezi mmoja hakuna aliyemhesabia.

Kisha Mujuni akafika mstari wa mwisho. Umeandikwa hivi: kinga ya mkopo endapo mwanachama atafariki. Akainua macho kidogo tu, na Pastory alikuwa anamtazama. Macho yalikuwa yamebaki makubwa kwenye uso ule, tena yanamtazama kwa upendo, kama baba anavyomtazama mtoto anayesoma vizuri mbele ya wageni. Mujuni aliona kwamba akilisema neno lile mle ndani, kwa Kihaya, litakaa juu ya kitanda na halitaondoka. Akapitisha kidole chini haraka, bila hata kuuangalia ule mstari, mpaka mahali pa sahihi.

“Na hapa, tata, unaweka jina lako.”

“Kuna pahali umeruka,” Pastory alisema.

“Ni mambo ya ofisi tu.”

Pengine Pastory alielewa. Mimi nadhani alielewa. Akaomba ashikiwe mkono, akaandika jina lake lote, polepole, herufi za mtu aliyefundishwa na masista. Eufrazia naye aliona. Alimsindikiza Mujuni mpaka barabarani, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo kama mtu anayemshukuru mkubwa wake, ingawa Mujuni alikuwa sawa na mdogo wake wa mwisho. Hakusema anashukuru nini.

Fedha zilitoka Jumatano. Shilogile alizipokea akilia waziwazi, akamkumbatia Pastory kitandani bila kuogopa jasho lake, jambo ambalo ndugu wa damu walikuwa wameacha kulifanya. Akarudisha kibanja mbele ya mashahidi, akapanda basi la Mwanza. Wiki ile Pastory alikula. Aliomba abebwe nje akakae penye migomba, akawaonyesha wanawe mpaka uko wapi. Watu waliopita waliona shati jeupe kivulini, wakapunga mikono.

Alifariki kabla marejesho ya kwanza hayajafika. Walimlaza karibu na baba yake. Migomba haikuguswa na jembe mpaka matanga yalipokwisha, majirani wakaleta ndizi na kuni, na Eufrazia, katikati ya kilio chake chote, alikuwa na jambo moja tu la kumtuliza: deni limekufa na mwenyewe, kibanja ni cha mtoto. Wanachama wote walijua hivyo, na kweli ndivyo ilivyokuwa kwa wengine wote.

*

Bi Klaudia ndiye aliyeona. Alikuwa anapeleka majina ya marehemu wa mwezi ule kwa wenye bima, na walikuwa wengi. Kwa Pastory, kila kitu kilikuwapo ila malipo. Kinga: sifuri. Hakikukatwa kitu, kwa hiyo hakuna kilichokingwa. Alimwita Mujuni, akamgeuzia karatasi, akamwachia asome mwenyewe.

Kilichotakiwa kilikuwa shilingi elfu tisa. Mujuni alizitoa mfukoni pale pale, akaziweka mezani. Bi Klaudia akamsukumia noti zake. Alisema bima haikatiwi maiti. Akasema ameshawaandikia wale watu, amewapigia simu, amewaomba kama ombaomba, na jibu lao ni kwamba kiasi kile si cha mashine, kilibadilishwa kwa mkono, na aliyebadilisha hakukilipia. Deni litabaki juu ya dhamana.

“Hukuwasomea?” aliuliza.

“Niliwasomea.”

“Mpaka mwisho?”

Mujuni alikaa bila kuambiwa akae. Chama kikaanza kukata nusu ya mshahara wake mdogo, adhabu ya kuvunja sheria, na nusu hiyo ingehitaji miaka kulifikia lile deni. Aliuza baiskeli yake. Aliuza na redio. Alipojumlisha vyote, haikufika hata robo.

Alikwenda Izigo kusema mwenyewe. Hakutaka barua imtangulie. Eufrazia alikuwa anamenya ndizi uani, nywele zimenyolewa za msiba, na aliposikia hatua akainuka kumletea kigoda. Mujuni alikataa kukaa. Alieleza yote amesimama: jinsi alivyofuta jibu la mashine, jinsi mistari ilivyokaa sifuri, jinsi alivyousahau mmoja ambao angeukuta wakati wa kusoma, na jinsi alivyouruka.

Eufrazia aliendelea kumenya mpaka ndizi iliyokuwa mkononi ikaisha. Kisha akauliza swali moja.

“Ungeusoma, ungeiona hiyo sifuri?”

“Ningeiona, mama.”

“Alikuwa anakutazama.”

“Alikuwa ananitazama.”

“Nilikuona ukiruka,” Eufrazia alisema. “Nilikubariki moyoni. Nilisema, mtoto huyu ana heshima, hakumtajia mume wangu kifo.” Kisu kikamtoka mkononi. “Kumbe nilikuwa nabariki hilo.”

Alilia hapo kuliko alivyolia kaburini. Mujuni alipiga magoti kwenye maganda ya ndizi akaomba msamaha. Msamaha akapewa, kwa kuwa Eufrazia hakuwa na kingine cha kumpa.

*

Kwetu kibanja cha ukoo hakiachwi kinunuliwe na mtu baki wakati ukoo una mtu mwenye uwezo. Mwenye uwezo alikuwa Bartholomayo, kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuwa na lori na ng'ombe. Alilipa deni lote kwa siku moja. Watu wakamsifu, na ni kweli alistahili kusifiwa, maana alitoa fedha zake halali. Lakini anayekomboa ndiye mwenye mali. Kibanja kikawa chake, na kaburi la mdogo wake ndani yake.

Wazee wa ukoo walikutana sebuleni kwa Eufrazia kumaliza mambo. Bartholomayo alizungumza kwa taratibu, bila majivuno. Alisema hana nia ya kumfukuza mtu. Shemeji yake bado kijana, watoto ni damu yake, nyumba ipo. Desturi inajulikana. Yeye yuko tayari kumchukua Eufrazia awe mke wake wa pili, akae hapo hapo, alime hapo hapo, na Kaijage akikua ataonyeshwa kipande chake. Wazee waliitikia kwa vichwa. Verdiana, mke wa Bartholomayo, alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wengine, mtoto mchanga mgongoni, na hakuna aliyemuuliza neno.

Haya, hapo ndipo kila kitu kilipokuwa mikononi mwa Eufrazia. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Angenyamaza, angebaki na migomba na watoto na kaburi. Ukoo mzima ulikuwa umemwandalia ukimya huo kama kitanda. Na alikuwa anajua kilichomo mwilini mwake. Vidonda vya mdomoni vilikuwa vimeshaanza, kama vilivyomwanza mwenzake. Alimtazama Verdiana. Mtoto mgongoni alikuwa ananyonya kidole.

“Shemeji, nakushukuru,” alisema. “Umetuheshimu. Lakini mume wangu hakufa kwa kifua. Alikufa kwa ukimwi. Na mimi ninao.”

Mzee mmoja akaanza kulifunga koti lake, kifungo kwa kifungo, kana kwamba baridi imeingia. Bartholomayo alitazama sakafu muda mrefu, na alipoinua uso alikuwa amekasirika kweli kweli, hasira ya mtu aliyeaibishwa mbele ya baba zake.

“Umemzika ndugu yangu mara ya pili,” alisema.

“Nimesema ili mkeo asizikwe.”

Yaliyofuata hayakuchukua muda. Kama hakubali desturi, hana cha kukalia pale. Ataondoka kwenda kwao Ijumbi akiwa na binti. Kaijage ni mtoto wa kiume wa ukoo, atabaki kwa baba yake mkubwa. Eufrazia alifungua mdomo juu ya hilo la mwisho, akatazama nyuso zile moja moja, akaufunga. Huko Ijumbi kulikuwa na mama yake, mzee, na wajukuu saba wa watoto waliokwisha kufa.

Wageni hawaondoki bila kula. Chakula kilikuwa kimeshapikwa tangu asubuhi, ndizi na maharage na samaki aliyenunuliwa kwa fedha ya mwisho, na Kemilembe akakigawa kwenye sahani akapeleka sebuleni. Mama yake alikuwa ameketi jikoni juu ya gogo. Baada ya muda mfupi Kemilembe akaanza kuzirudisha. Zote zilikuwa zimejaa. Mmoja alisema ameshiba tangu nyumbani, mwingine tumbo linamsumbua, Bartholomayo hakutoa sababu. Wakaaga kwa haraka, wakatoka wakipukuta makalio ya suruali.

Verdiana ndiye aliyekuja jikoni. Alikuwa na sahani yake mkononi. Alikaa chini karibu na moto, akala mbele ya Eufrazia, tonge baada ya tonge, ndizi ambazo Eufrazia alizimenya kwa mikono yake, mpaka akaifuta sahani kwa kidole. Nje mume wake alikuwa anapiga honi ya lori.

Kaijage aliitwa. Alikuja mbio akidhani anaitwa kupanda gari, na kweli ndicho alichoitiwa, akafurahi. Mama yake akamfuta pua, akamvalisha sweta, akamfungia nguo zake kwenye kitenge. Alimkabidhi kwa Verdiana mkono kwa mkono. Walipofika mlangoni akamwita Verdiana arudi.

“Bado anakojoa kitandani,” alisema. “Mumeo asimchape. Mwamshe kabla hujalala, mtoe nje, anajikojolea kwa sababu anaogopa giza, sio uvivu.”

“Nitamwamsha,” Verdiana alisema.

“Usimchape.”

“Sitamchapa, dada.”

Honi ikalia tena. Eufrazia alirudi jikoni, akaziweka zile sahani zilizojaa mbele ya Kemilembe, akamwambia ale, ale sana, kesho ni mwendo mrefu.